Ng'ombe Mgeni Ndani ya Ghala la Bariadi

Fuso jeupe lilikata kona ya Kasoli bila kuonyesha ishara, likaingia njia ya vumbi katikati ya mashamba ya pamba.

Kabula alikuwa nyuma yake.

Si karibu. Alikaa mbali kiasi kwamba dereva akitazama kioo aone vumbi lake mwenyewe na mwanamke mmoja juu ya pikipiki. Honda XL ilinguruma chini yake. Kitenge kiunoni, Beretta chini ya kitenge, trei ya mayai imefungwa kwa mpira kwenye keria. Ukimwona ungesema huyu mama anawahi mnada.

Mayai matatu kati ya yale yalikuwa ya plastiki. Moja lilikuwa na kamera. La pili lilikuwa na fleshi. La tatu mtu hakutakiwa kuuliza lina nini.

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Sindano, Sindano. Hapa Zizi Kuu."

"Sindano nakupata, Mzee."

"Ng'ombe mgeni kaingia zizini."

Kabula alipunguza mafuta. "Rangi?"

"Hana rangi."

Aliielewa vizuri kuliko alivyotaka. Ng'ombe mwenye rangi alikuwa mtu, adui mwenye miguu, unaweza kumkimbiza. Ng'ombe asiye na rangi alikuwa programu, kitu kilichopenyezwa ndani ya kompyuta, na hicho hakikimbii. Kinakaa palepale kinakula.

"Nipo nyuma ya lori, Mzee. Nikifika darajani nimelishika."

"Liache."

"Limejaa chanjo za uongo. Nimeliona likipakiwa kwa macho yangu."

"Na chanjo za kweli zinaiva Bariadi kama viazi." Sauti ya Mzee Januarius, mkuu wake wa kazi, haikupanda hata kidogo. Haijawahi kupanda. "Ukishika lori na zile zikaharibika, umeshika nini? Geuza pikipiki."

Lori lilipotea nyuma ya kichaka cha minyaa.

Kabula aligeuza.

Alijua hesabu ya jambo lile bila kuambiwa. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeingia Busega. Wafugaji walishaanza kufika Mkula na mifugo yao, wamelala juani wakisubiri sindano. Wenye lori walitaka chanjo halisi zipate joto kimyakimya ndani ya maghala, ili ng'ombe wachomwe maji matupu. Wakianza kuanguka, watu watasema chanjo ya Umoja wa Wafugaji haifai. Hapo Fuso jeupe litatokea na dawa "bora" kutoka nje, unga wa muhogo ndani ya vichupa vizuri.

Mmoja wa waliolala juani Mkula alikuwa mayu Ng'washi, kutoka Mwamanyili, na ng'ombe wake wote.

Mama yake mzazi.

Ugonjwa ule ulipopita Kabula akiwa mtoto, zizi lao lilibaki na kamba na kinyesi kikavu. Mama yake aliendelea kuamka alfajiri kwenda kukamua. Alikuwa anakaa tu pale, na kibuyu, katikati ya zizi tupu.

Kabula aliongeza mafuta.

*

Ghala la chanjo la Umoja wa Wafugaji wa Nyanda za Duma lilikuwa jengo la matofali nyuma ya stendi. Mlangoni alisimama Felisita, daktari wa mifugo, koti jeupe, jasho mpaka kwenye nyusi.

"Wewe ndiye fundi kutoka Mwanza?"

"Ndiye mimi, dokta. Shikamoo."

"Marahaba. Na hayo mayai?"

"Ya safari."

Felisita hakuwa na muda wa mayai. Alimvuta ndani, akamwonyesha skrini ndogo ukutani. Nyuzi nne. Kijani safi.

"Inasema nne tangu jana," alisema. "Sasa shika huu mlango."

Kabula aliweka kiganja kwenye chuma cha chumba cha ubaridi.

Kilikuwa na uvuguvugu.

"Nilipitisha mkono hivi hivi, kama unavyogusa mtoto paji la uso," Felisita alisema. "Nikaingia na kipimajoto changu cha kawaida. Saba. Ikivuka nane nimezika kila kitu kilichomo. Kompresa imezimwa na hiyo kompyuta, na kompyuta hiyo hiyo inasema hakuna shida. Swichi ya mkono iliungua umeme uliporudi kwa kishindo."

Mbele ya kompyuta, ameinama mpaka pua inagusa kioo, alikuwa kijana mnene mwenye fulana ya duka lake: FREDRICK KOMPYUTA, BARIADI. Skrini mbele yake ilikuwa nyeusi, maandishi meupe. Hakuna picha, hakuna kipanya. Amri tu.

"Kuna kitu kinaitwa libsaa," alisema bila kugeuka. "Sikukiweka mimi. Ndicho kinachozima kompresa na kudanganya skrini. Nimekitoa mara mbili, dada. Kinarudi."

"Ulikitoaje?"

"Apt remove. Kama kila kitu."

"Sogea."

Apt ilikuwa msimamizi wa vifurushi. Kabula aliifikiria siku zote kama karani wa stoo asiyelala. Unamtajia jina la programu, anaifuata, anaileta pamoja na kila inachokihitaji, anaipanga mahali pake. Ukimwambia aiondoe, anaiondoa. Ila ukimwambia *remove*, anatoa mwili na kuacha maagizo ya marehemu mezani. Ukitaka aondoe vyote, unamwambia *purge*.

Aliandika. Purge, libsaa.

Msimamizi akauliza kama ana hakika. Akabonyeza Y.

Kimya.

Halafu kompresa ikakohoa nyuma ya ukuta, ikashika, ikaunguruma. Felisita alifumba macho.

"Usishukuru bado," Kabula alisema.

Walisubiri. Nzi alitembea juu ya kioo. Muungurumo uliendelea, ukaendelea, watu wakaanza kupumua.

Ukakatika.

Skrini ya ukutani: nyuzi nne. Kijani safi.

"Si nimesema," Fredrick alinung'unika. "Kinarudi."

Kabula aliisogelea kibodi. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake kazini: jambo likiharibika, yeye hutulia. Aliandika amri nyingine, ya kumuuliza msimamizi kifurushi kile kinatoka wapi. Jibu likaja mstari mmoja.

Kilitoka mahali panaitwa Ghala.

"Ghala ni nini, Fredrick?"

Kijana alijikuna shingo. "Ghala ni mashine yangu. Ipo dukani."

"Endelea."

"Bando, dada. Bando linatumaliza. Kila ofisi ikivuta vifurushi vyake kutoka Ulaya, mwezi hauishi. Kwa hiyo mimi navuta mara moja, naweka Ghala, na mashine zote za huku zinachukua kwangu. Maghala yote matano ya Umoja. Asubuhi, mchana, jioni yanachungulia kama kuna kipya, na Ghala likiyaita yanachungulia papo hapo. Kikiwepo yanakiweka yenyewe, na taarifa zao zinarudi kwangu. Watu wananipenda kwa hilo."

"Na sahihi?"

Hapo Fredrick aligeukia ukutani.

Kila kifurushi halali hubeba sahihi ya aliyekitengeneza, kama ng'ombe anavyobeba chapa. Msimamizi huitazama chapa kwanza. Isipofanana, hafungui geti. Kabula alifungua faili lenye orodha ya mahali msimamizi anapochukulia vifurushi, akaliona neno moja ndani ya mabano, dogo, la hatari. Neno lililomwambia msimamizi: huyu muamini tu, usikague.

"Uliweka wewe?"

"Umeme," Fredrick alisema. "Betri za saa za mashine zimekufa. Umeme ukikatika, mashine inaamka inadhani bado ni miaka ile ya zamani. Inatazama sahihi ya mwaka huu inasema hii imetoka siku ambazo hazijafika, siipokei. Kila umeme ukikatika, dada. Na Bariadi unaijua. Nikachoka. Nikaandika iamini tu."

"Ungebadilisha betri."

"Betri ya saa ukiipata Bariadi imeshakufa dukani."

Felisita alisema kitu kwa Kisukuma ambacho si cha kuandikwa.

Kabula alifuta mstari wa Ghala. Akarekebisha saa kwa mkono. Akafanya purge tena. Kompresa ikashika, na safari hii ikabaki imeshika.

"Hapa kumepona," alisema. "Bado manne. Chanjo za Mkula zipo ghala gani?"

"Busega." Felisita alikuwa tayari na simu sikioni. Aliishusha. "Mtunzaji kafunga mlango, kaenda Mkula kupanga foleni. Ufunguo anao yeye. Hapatikani."

"Itachukua muda gani kumfikia?"

"Zitakuwa supu."

Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuingia mlangoni. Kulikuwa na njia moja tu ya kuifikia mashine ya Busega, ileile aliyopita adui.

Kabula alimshika Fredrick begani. "Nipeleke kwenye Ghala."

*

Ghala lilikuwa kompyuta kuukuu chini ya meza. Lilifunikwa kitambaa cha kufuma kuzuia vumbi, na juu yake vilikaa vikombe viwili na ua la plastiki.

Kabula aliondoa vikombe. Akatoa yai la pili mfukoni, akalipasua.

Fleshi ilianguka kiganjani. Aliichomeka, akaanza kuandika. Mpango wake ulikuwa mwepesi kueleza na mgumu kutenda. Asingelizima Ghala. Angelitumia. Angetengeneza libsaa nyingine, jina lilelile ila namba kubwa zaidi, na ndani yake hakuna sumu, kuna amri ya kuwasha kompresa na kusema ukweli. Msimamizi wa Busega akichungulia angeona toleo jipya, angeling'oa la zamani, angeweka la Kabula. Bila kuuliza chapa.

Ubovu wa Fredrick ungefanya kazi ya heri.

"Nani mwingine anajua kuwa mashine hazikagui?" aliuliza huku vidole vikienda.

"Hakuna. Labda mteja aliyefungua akaangalia mwenyewe."

"Mteja gani?"

"Nauza laptop, dada. Naziandaa kabisa, mtu anawasha tu. Kuna mgeni mmoja, Koller, alisema ni mhandisi wa visima. Alifika bila kompyuta. Alichukua ThinkPad."

Vidole vya Kabula vilisimama.

Mtu makini. Alipita mpakani mikono mitupu ili asikaguliwe, akanunua chombo cha kazi hapahapa. Akaifungua, akaona neno lile ndani ya mabano, akaona geti la mkoa mzima liko wazi.

"Uliiandaa kama nyingine zote?"

"Kama zote. Inachukua Ghala na kuweka Ghala, bila nywila. Na inayo *karibu*."

"Karibu ni nini?"

Fredrick aliona haya kidogo. "Kifurushi changu nilichotengeneza mwenyewe. Ukiwasha kompyuta kinatoa picha yangu na namba ya simu. Tangazo. Wengi hawajui hata kama kinatolewa."

Kabula alimtazama kwa muda.

"Fredrick," alisema, "leo nakupenda."

Aligeukia kioo. Toleo 1.5 likaingia Ghala. Aliamuru maghala yachungulie sasa hivi. Sekunde chache, halafu Busega ikasema ukweli kwa mara ya kwanza tangu jana.

Nyuzi saba na nusu. Kompresa inafanya kazi.

Mlango wa duka ukapigwa teke.

"Mikono juu. Toka kwenye mashine."

Mwanamume alisimama kizingitini, bastola mkononi, jua mgongoni. Koller alikuwa ameona ghala la Bariadi limekatika, akamtuma mtu. Fredrick aliinua mikono mpaka ikagonga feni.

Kabula aliinuka polepole. Hakuitazama bastola. Alimtazama mtu. Umri wa baba yake. Kandambili za tairi. Kovu la pembe kwenye ugoko, la mtu aliyechunga tangu utoto. Bastola alikodishiwa. Adabu alizaliwa nayo.

Beretta ilikuwa chini ya kitenge. Asingeiwahi.

Alikunja magoti yote mawili, akashusha macho chini, akamwamkia kwa Kisukuma kama binti wa watu.

"Mwadila, baba."

Mwanamume alikodoa macho. Kuna vitu mkono hufanya kabla kichwa hakijaruhusu, na ulimi vilevile. Miaka yote ya maisha yake, binti akipiga magoti, hakuwahi kumpita kama mti.

"Mwadila, ng'wanone," alisema, kama kwa mwanawe. Bastola ilishuka kidogo, maana mtu haitikii salamu na chuma usoni mwa mtoto. "Mhola?"

"Mhola, baba. Za nyumbani?"

"Nzuri. We ng'wana na—"

Hakumaliza kuuliza ni binti wa nani. Kabula alipanda kutoka chini kama chemchemi. Kiwiko cha kushoto kilipeleka bastola darini. Mkono wa kulia ulikuwa umeshabeba UPS ya mezani, na UPS ya zamani ni nzito.

Mwanamume akakaa chini, halafu akalala.

"Ni wa Mahona, baba," Kabula alimjibu, maana salamu haiachwi katikati.

Fredrick alikuwa bado ameinua mikono. "Umempiga mzee aliyekuitikia."

"Nitamwomba radhi akiamka. Mfunge."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa waya wa mtandao. Si unauza?"

Simu iliita mfukoni mwa mtu aliyelala. Kabula aliitoa, akaitazama, akaipokea.

"Sayi?" Sauti ya kigeni, Kiswahili kilichopigwa pasi. "Umemaliza?"

"Sayi amepumzika."

"Nani mwenzangu?"

"Muuza mayai."

"Aa. Yule wa kwenye pikipiki." Koller alicheka kidogo, bila haraka. "Nilikuona Kasoli. Nilijiuliza, mayai gani hayapasuki njia ile?"

Kwenye skrini mstari mpya ulitokea. Ghala limepokea libsaa toleo 2.0.

Hakikuwa kifurushi chake.

Kompresa ya Busega ikazimika. Nyuzi saba na nusu.

"Unanipa 1.5, nakupa 2.0," Koller alisema sikioni. "Namba kubwa inashinda. Huo ndio utaratibu, sikuutunga mimi."

Kabula alibana simu kwa bega. Toleo 3.0. Kompresa ikaamka.

"Naam," alisema Koller. Toleo 9.0. Ikalala.

Nyuzi saba na robo tatu.

Fredrick, ambaye alikuwa amemaliza kufunga mafundo yasiyohesabika, alichungulia begani mwa Kabula na kunong'ona: "Dada, umtoe tu kwenye mtandao."

Kabula alitikisa kichwa. Dirisha la pili lilikuwa wazi kwenye kona ya skrini. Humo, katikati ya kila pigo la libsaa, mstari mmoja mmoja, alikuwa anaandika kitu kingine. Alimhitaji Koller humohumo, ameunganishwa, ana furaha, anacheza.

"Unaandika polepole, mama mayai."

"Shule yetu ilikuwa na kompyuta moja, bwana. Ilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Tuliiangalia dirishani."

"Nakusikitikia."

"Usinisikitikie. Sema kitu kingine. Chanjo zako zina nini ndani?"

"Matumaini."

"Mimi nilisikia muhogo."

Akaweka toleo lake la tatu la mchana ule. Safari hii hakupandisha namba. Aliandika moja, nukta mbili, sifuri.

Ni kanuni ya zamani ya msimamizi. Namba inayokaa mbele ya nukta mbili ni kama ukoo, na zinazofuata ni watoto tu. Ukoo wa kwanza, hata ukiwa na sifuri, unampita asiyetaja ukoo, hata afike elfu.

Kompresa ya Busega ikaamka. Koller akatuma 99. Msimamizi akaitazama, akaiacha.

Kompresa ikaendelea kunguruma.

Pumzi ilisikika kwenye simu. Haikuwa ya kicheko.

"Vizuri," Koller alisema. "Basi nami nitataja ukoo. Wa pili."

"Jaribu."

Alisikia vidole vya mtu yule vikigonga. Haraka. Alisikia pia, nyuma ya vidole, mngurumo wa dizeli na ng'ombe akilia. Yupo ndani ya lori. Lipo njiani.

Kabula alibonyeza kitufe kimoja.

Dirisha la kona likajifunga. Ghala likapokea kifurushi kipya. Jina: *karibu*. Mtengenezaji: Fredrick Kompyuta, Bariadi.

Na kwenye ThinkPad moja, ndani ya Fuso jeupe, msimamizi wa vifurushi akafanya alichofundishwa na Fredrick kufanya kila inapogusa Ghala. Akaona kuna kipya. Hakuuliza chapa. Akakiweka.

Vidole vya Koller vikasimama.

"Nini hiki," alisema taratibu.

"Unaona nini?"

"Picha ya kijana mnene."

"Ndiyo huyo."

"Kibodi haifanyi kazi."

"Haitafanya. Soma chini ya picha."

Koller alisoma, na Kabula alijua anasoma nini, maana aliandika mwenyewe: *Karibu tena. Usiondoke.*

Kwenye skrini ya Ghala, ThinkPad ilikuwa imeanza kusema kila ilichojua. Namba ya modemu yake. Mnara wa simu unaoibeba. Kasoli, upande wa kituo cha kununulia pamba.

"Zizi Kuu," Kabula alisema kwa kifaa cha sikioni. "Ng'ombe mgeni sasa ana rangi. Nyeupe, matairi sita. Kasoli, mizani ya pamba."

"Askari wapo nyuma ya marobota tangu ulipogeuza," Mzee Januarius alisema.

"Ulijua lingepita pale?"

"Sikujua. Nilitumaini ungeniambia."

Kwenye skrini, Busega iliandika mstari mmoja mpya.

Nyuzi saba.

Halafu sita.

Kabula aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. Fredrick alijifanya anapanga vikombe.

*

Alipofika Kasoli, Fuso lilikuwa limezibwa mbele na trekta la pamba na nyuma na Land Cruiser ya polisi. Wachukuzi walikuwa wamekaa juu ya marobota wakitazama kama watu wa mpirani.

Koller alikaa chini kando ya tairi, pingu mikononi, shati bado limenyooka. Alimwangalia Kabula akishuka pikipiki.

"Ulinishinda kwa tangazo la duka," alisema.

"Ulitembea nalo wiki nzima. Ungeweza kulitoa."

"Nilidhani ni picha tu."

"Ndiyo. Hata sisi tulidhani saa ni betri tu."

Aliifungua ThinkPad juu ya boneti. Askari kijana alisogea aone. Kabula alinakili kila kilichokuwa cha Koller, akamkabidhi afande mkubwa fleshi, kisha akafungua skrini nyeusi. Kitengo chake hakiachi nyayo. Aliandika purge, na jina la kifurushi alichokiweka mwenyewe. Msimamizi akauliza, kama anavyouliza siku zote, kama ana hakika.

Alibonyeza Y.

Picha ya Fredrick ikatoweka. Mashine ikabaki kama alivyoitumia Koller, pungufu ya tangazo.

Alifungua mpira wa keria, akampa askari kijana trei.

"Mchemshe mle na wenzako, kazi ilikuwa ndefu."

"Asante, dada."

Alikumbuka, akachagua yai moja katikati, kisha jingine, akayatia mfukoni. "Yaliyobaki ndiyo ya kuchemsha."

Simu yake ndogo ya Nokia iliita. Aliipokea akiwa ameshaanza kutembea.

"We Kabula." Mayu Ng'washi hakuwa na desturi ya kusema haloo. Nyuma yake ng'ombe wengi walikuwa wanalia kwa pamoja. "Upo Mwanza au upo wapi? Biashara ya simu inaendaje?"

"Inaenda, mayu. Nyie huko?"

"Juani. Walisema chanjo inakuja mchana, sasa jua linashuka. Wamefika hivi punde na masanduku, eti mtunzaji amekimbia kuzichukua Busega. Wazembe hawa. Nimegusa kichupa, baridi mpaka vidole vinauma."

Kabula alisimama. Kidogo tu, katikati ya barabara ya vumbi.

"Baridi kweli?"

"Nakwambia vinauma. Kwani unauliza nini, wewe unajua mambo ya chanjo?"

"Sijui, mayu."

"Basi. Wanamchoma yule mwekundu sasa, acha nimshike pembe."

Simu ikakatika.

Kabula aliirudisha mfukoni, taratibu, mbali na lile yai la tatu. Akawasha Honda, akafunga kitenge vizuri kiunoni, akaondoka upande wa Bariadi. Kulikuwa na mzee mmoja dukani kwa Fredrick, amefungwa waya, aliyekuwa anamdai radhi.